Usman na Nzi wa Kichinjioni

Ilikuwa mwaka wa 2017, ule tuliopiga kura mara mbili. Hapana, ngoja kidogo. Mwaka ule Usman bado alikuwa na miwani, kwa maana watu wa Majengo wanakumbuka vizuri alivyoivua kwenye foleni ili aifute kwa kanzu, akarudi kusimama kwenye foleni isiyo yake, akafika mbele kabisa ndipo karani akamwambia chumba chake ni kile kingine. Basi ni mwaka uliofuata, 2018, mwaka wa mvua nyingi. Huo ndio mwaka Usman alikwenda Nairobi kutibiwa macho kwa leza.

Usman ni mtu wa Majengo, Nyeri mjini. Babu ya baba yake alikuja na wazungu akiwabebea mizigo, ama akiwabebea bunduki, hapo masimulizi ya nyumbani yanagawanyika. Akaoa msichana wa Tetu aliyesilimu, na tangu hapo ukoo huo una majina ya Kiislamu, pua za kila aina, na mazungumzo yanayoanza kwa Kiswahili yakaishia kwa Kikuyu. Kazi ya ukoo ni moja: kuchinja. Huku kwetu mwenye ng'ombe ni Mkristo, mwenye bucha ni Mkristo, na walaji wengi ni Wakristo, lakini anayeshika kisu pale kichinjioni ni Mwislamu, ili nyama ikishatoka mlangoni kila mtu mjini aweze kuinunua bila kuuliza swali. Ni desturi waliyoikuta. Babu yake alishika kisu hicho, kisha baba yake, Mzee Hafiz, na Mzee Hafiz mikono ilipoanza kutetemeka akamwachia Usman.

Kazi yenyewe inaonekana fupi, lakini haina nafasi ya kukosea. Ng'ombe analazwa, anaelekezwa kibla, ambako huku ni kaskazini, mlima ukiwa mkono wa kulia. Mchinjaji anataja jina la Mungu na kupitisha kisu mara moja, bila kuinua. Mnyama asikione kisu kabla, na asingoje. Ukiinua kisu ukarudia, mnyama anateseka, na Mwislamu aliyekuona hatainunua nyama ile. Habari hizo zinafika Majengo kabla ya nyama kufika mjini.

Shida ni kwamba Usman alikuwa haoni mbali tangu utoto. Lenzi za miwani yake zilikuwa nene, ukimtazama usoni macho yake yanakuwa madogo kama mbegu za papai. Na Nyeri asubuhi ni baridi ya kuuma. Tumbo la ng'ombe likipasuliwa mvuke unapanda hadi kwenye mabati, na miwani inafunga ukungu, nyeupe pepepe. Kwa hiyo alijizoeza kuivua na kuinama karibu kabisa na shingo ya mnyama, maana kwa karibu macho yake yalikuwa mazuri, aliona kila unywele. Wachunaji walimcheka. Moffat, aliyekuwa mchunaji mkubwa wa pale na rafiki yake wa miaka, alikuwa akiwaambia wengine wanyamaze, Maalim anamnong'onezea ng'ombe habari za ahera.

Maalim ndilo jina lao kwa kila mchinjaji, awe amesoma ama hakusoma.

Mwaka ule wa mvua ndipo mambo yaliharibika. Asubuhi moja fahali alirusha mguu wakati Usman ameinama, miwani iliyokuwa imening'inia shingoni kwa kamba ikaruka ikapasuka kwenye sakafu, na yeye akarudi nyuma kwa hofu akiwa ameshaanza kukata. Kisu kikainuka. Akarudia. Jioni hiyo hakuna mtu wa Majengo aliyenunua nyama ya fahali yule, na wenye bucha wakaanza kusema polepole kwamba Isiolo kuna vijana wazuri, wenye macho mazima, wanaotafuta kazi.

Usman alizisikia habari hizo, akaenda nyumbani akakaa. Kibibi, mke wake, alimwekea chai ikapoa. Mzee Hafiz alikuwa kitandani chumba cha pili, na kupitia ukuta wa mbao akauliza kama ni kweli kisu kiliinuka. Usman akajibu ni kweli.

Aliyemsaidia alikuwa Muriithi, mwenyekiti wa wenye bucha, mtu mnene mwenye pikapu nyeupe ya kubebea nyama. Binti ya dada yake alikuwa ametolewa miwani huko Nairobi, sasa anasoma gazeti akiwa ng'ambo ya barabara. Muriithi akaitisha wenzake mkutano, wakachanga. Alipomletea Usman habari hakupamba maneno.

"Maalim, hatutaki mtu wa Isiolo. Tumezoea mkono yako. Enda utengenezwe hiyo macho, urudi."

Nairobi walimpima kwa mashine nyingi. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye sauti ya kumlazimu mtu asogee ili amsikie. Akasema kioo cha mbele cha jicho ni kinene cha kutosha, na namba ya miwani haijabadilika kwa miaka, kwa hiyo leza inafaa. Lakini akawataka wote wawili, Usman na Kibibi, wasikilize jambo moja. Jicho la mtu wa kawaida ni la mviringo kama chungwa, akasema. La Usman ni refu, kama yai. Leza itachonga kioo cha mbele tu. Urefu utabaki palepale, na ule utando wa nyuma unaopokea picha, umevutwa kama kitambaa kwenye fremu, utabaki mwembamba vilevile hata akiona kama mwewe. Unaweza kutoboka. Unaweza kubanduka.

"Ukiona vitu vyeusi vinaelea kama nzi," akasema, "ama mwanga unapiga kando kama umeme, ama kivuli kinakuja kama pazia, usilale. Njoo siku hiyo hiyo."

Kibibi akayarudia maneno yale yote kwa sauti, kama anavyofundisha watoto madrasa, na daktari akatabasamu, akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Leza yenyewe haikuchukua muda. Walimtia dawa ya ganzi ya matone, wakamwambia atazame taa ya kijani asiiache, na mashine ikalia tiktiktik. Kilichomshangaza ni harufu. Alimwambia kila mtu baadaye kwamba inanuka kama kichwa cha mbuzi kikiunguzwa manyoya, na wachunaji walicheka hadi wakashikilia kuta. Kwenye njia ya kurudi Muriithi aliisimamisha pikapu Sagana wanunue samaki. Usman alikuwa na miwani nyeusi na amri ya kufumba macho, lakini akayafumbua kidogo tu, na ng'ambo ya barabara akasoma kibao juu ya duka: Gathoni Cereals, Mahindi na Maharagwe. Akakisoma tena kwa sauti. Kibibi akamwambia, Baba Jannat, fumba macho, na yeye mwenyewe alikuwa akilia.

Wiki zile za kwanza hakutakiwa kutia maji machoni, na imamu akamruhusu kutayamamu kwa udongo safi badala ya kutawadha. Asubuhi moja akiwa kitandani alifungua dirisha akauona mlima, bila kupapasa miwani kwanza. Aliutazama sana, kisha akamwita Kibibi, akamwambia theluji yenyewe ni kidogo, ni viraka tu. Tangu utoto alikuwa akidhani ni nyingi, kwamba hiyo ndiyo sehemu ambayo macho yake hayafiki. Hilo lilimsikitisha kidogo.

Akarudi kazini, na kazi yake ikawa ya kupigiwa mfano. Alisimama wima kama watu wengine. Mvuke ulipanda na kupita, haukuwa na kioo cha kushika. Kisu kilipita mara moja. Watu wa Majengo wakarudi kununua, na Mzee Hafiz, aliyekuwa akiletewa habari kila jioni, alikufa mwaka huo huo mvua za vuli zilipokwisha, akijua kisu kiko mahali pake.

Sasa tufike kwenye kiangazi cha baada ya hapo. Mtu ambaye hajafika kichinjioni hajui nzi ni nini. Jua likishika, wanatoka kwenye shimo la kinyesi, wanakaa kwenye ngozi zilizoanikwa, kwenye ndoo, kwenye mdomo wa mtu anayecheka. Mikono ya wachunaji ina damu, kwa hiyo wanawafukuza nzi kwa kutikisa kichwa, kama ng'ombe wenyewe. Usman alikuwa na tabia ya kupunga kwa kiganja cha kushoto, kile kisichoshika kisu. Asubuhi moja Moffat alimwona akipunga, akipunga, akamuuliza:

"Maalim, kwani unapungia nani? Ama umeona msichana ya Karatina?"

Wakacheka wote, na Usman akacheka. Akasema nzi wa mwaka huu hawana adabu.

Hakuna aliyelifikiria neno hilo mara ya pili. Wala si kwamba alikuwa amesahau maneno ya daktari. Aliyakumbuka, na Kibibi aliyakumbuka. Lakini daktari alisema nzi, na pale nzi walikuwako, wengi, wanaonekana na kila mtu, wanakaa hadi kwenye mhuri wa mkaguzi wa nyama. Angemwambia vitone vya wino, ama nyuzi za buibui, labda. Mtu anayeishi na nzi ukimwambia akimbie akiona nzi, atakimbia lini?

Walimfuata hadi nyumbani. Jioni akila alikuwa akipunga mkono juu ya sahani, na Kibibi akanunua dawa ya kupulizia, akafunika sufuria zote, akapiga deki kwa maji ya dawa. Siku moja akamuuliza nzi gani huyo mbona yeye hamwoni. Usman akageuza kichwa, na nzi akageuka naye, akapotea pembeni. Akasema ametoka, amepita mlangoni. Jannat, binti yao, alikuwa akimtafuta nzi huyo kwa kandambili mkononi, na wote watatu waliona ni mchezo.

Na mwanga? Mwanga aliuona. Ulikuwa unapiga kando, upande wa kushoto, akigeuka kwa ghafla kwenye giza la alfajiri. Lakini saa hiyo ndipo pikapu za wenye bucha zinapoingia uani zikigeuza taa huku na huku. Akadhani ni Muriithi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya ng'ombe wengi kwa sababu ya soko la mwisho wa wiki. Usman alikuwa amesimama na kisu nyuma ya mgongo, kama desturi, wakimlaza fahali mweusi kutoka Timau. Akahisi mtu amesimama karibu naye sana upande wa kushoto, bega lake jeusi linamzibia. Hapendi mtu amsimamie hivyo. Akasema bila kugeuka:

"Moffat, sogea kidogo."

"Niko huku, Maalim," Moffat akajibu. Alikuwa upande wa kulia, ameshikilia miguu ya nyuma.

Usman akageuka kushoto. Bega likageuka naye. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta mweupe wa chumba cha mkaguzi, ukuta mtupu uliopakwa chokaa juzi tu, na mbele ya ukuta ule nzi wake wakaelea, wakitulia akitulia, wakisogea akisogeza jicho. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Nusu ya uani ikazima. Nusu iliyobaki ilipinda na kutikisika kama kitu kilichozama mtoni, na Moffat, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwake, hakuwa na uso.

Akaondoa kiganja, na kila kitu kikarudi. Ndivyo ilivyokuwa, jicho la kulia lilikuwa likifanya kazi ya mawili na kumficha mwenzake, kwa muda gani hakuna ajuaye.

Fahali alikuwa chini, amefungwa, anahema. Hakuna mchinjaji mwingine pale, na mnyama akishalazwa hangojeshwi. Usman akasimama. Moffat anasema midomo yake ilikuwa ikitembea lakini sauti haikutoka, na yeye Moffat, mtu wa kanisa la PCEA, alijikuta akisema Bismillahi kwa niaba yake, kwa sauti ya chini, akaona aibu. Kisha Usman akasema yake. Akafumba jicho la kushoto, akainama kama zamani, karibu, na kisu kikapita mara moja.

Akakiosha. Akamwomba Muriithi ampeleke Nairobi.

Pikapu ilikwenda kwa kasi ya kuogopesha. Kibibi alikuwa katikati, ameshika mkono wa mume wake, na mjini Kenol walipokwama nyuma ya malori alianza kuyarudia yale maneno ya daktari, nzi, umeme, pazia, nzi, umeme, pazia, mpaka Usman akamwambia basi, Mama Jannat, basi.

Daktari alikuwa yule yule mama. Alitazama muda mrefu na taa yake. Akasema utando wa jicho la kushoto umebanduka, na si leo wala jana, katikati pia pametoka, pale panapoonea uso wa mtu na maandishi. Watapasua, watalijaza jicho mafuta ya kuubana mahali pake, lakini asitegemee mengi. Jicho la kulia lina vitundu viwili, hivyo ataviziba kwa leza ya aina nyingine, na inshallah litashika. Alisema inshallah, ingawa hakuwa Mwislamu, na Kibibi aliona kwamba ni kwa sababu hakuwa na lingine.

Kibibi ndiye aliyeuliza kama ni ile leza ya kwanza iliyoleta haya. Daktari akasema hapana. Jicho refu ni refu. Lingeweza kubanduka hata angebaki na miwani yake. Angekuja mapema, wakati ni kitundu tu, wangekiziba kwa dakika chache na angerudi nyumbani na jicho lake. Akamuuliza Usman, kwa upole, nzi wale walianza lini.

Usman aliwaza kiangazi kizima, nyuma hadi mvua za vuli, asubuhi moja hadi nyingine, na kila mahali alipotazama nzi walikuwako.

Walimpasua, na kwa siku nyingi akalala kifudifudi ili mafuta yaubane utando, uso ndani ya tundu la mto wa kulalia, akila kwa kijiko kilichopitishwa chini. Muriithi alikuja na nyama ya kuchemsha na kukaa tu pale, hajui pa kutazama. Jicho lilipofunguliwa lilijua mchana na usiku. Lilijua pia mkono ukipita mbele yake, ingawa si wa nani. Hilo ndilo lililobaki.

Mtu mwenye jicho moja hajui vizuri kitu kiko umbali gani. Akimimina chai inamwagikia mezani. Akishuka ngazi anapapasa kwa mguu. Kisu hawezi tena kukishika, hakuna aliyehitaji kumwambia. Alikiviringisha kwenye kitambaa cha baba yake, akakipeleka mwenyewe kichinjioni, akakiweka mikononi mwa kijana wa Isiolo aliyechukua nafasi yake. Wenye bucha walikuwa wamesimama pale kofia mkononi. Kijana yule akamwita Baba, akamwomba dua.

Wakampa lango. Kila asubuhi, hadi leo, Usman anawafungulia wenye pikapu na kuwafungia, amevaa koti kubwa la jeshi, kofia yake nyeupe kichwani. Kazi ya lango haimshindi. Kinachomshinda ni nzi. Daktari alimwambia vitundu vya jicho la kulia vimezibwa, lakini jicho ni refu bado, na vile vitu vyeusi vya zamani vitabaki vikielea, hivyo havina neno. Cha kuogopa ni kipya. Basi kila kinachopita mbele yake lazima kiulizwe. Anasimama langoni, anatulia ghafla, anatazama ukuta mweupe. Nyumbani anauliza, na Kibibi anaacha anachofanya, unga mikononi, anakuja kutazama. Yupo, anasema. Huyo yupo, Baba Jannat, amekaa kwenye kikombe. Ama anasema hayupo, na hapo wote wawili wanangoja, Usman anahesabu vile vya zamani, mpaka anasema ni wale wale. Jannat naye amejifunza kujibu bila kuinua kichwa kwenye kitabu. Mara mbili wamekwenda Nairobi mbio, na mara mbili hakukuwa na lolote. Daktari hajawahi kuwalaumu. Anawaambia warudi tena wakiogopa, na wanaogopa kila siku.

Moffat bado ni mchunaji mkubwa. Akimaliza kazi hupitia langoni, wanakunywa chai ya chupa, wanaongea habari za bei ya ngozi na za mlima, ambao Moffat anasema umezidi kuisha theluji. Hawaongei habari za macho. Lakini jioni moja, pikapu zimekwisha toka, Usman alimshika mkono wa koti. Alimwambia anataka kumuuliza kitu kimoja tu, na amjibu kama mbele ya Mungu, awe Mungu wa huku ama wa huko. Moffat alikuwa akisuuza kikombe kwenye bomba. Aliendelea kusuuza, na kusuuza, kikombe kilikuwa kimeshatakata, maji yakimwagikia viatu vyake, na hakugeuka.

"Ile asubuhi ya kwanza uliyonicheka, Moffat, nilipokuwa nikipunga mkono. Wewe ulikuwa umesimama pale pale. Kulikuwa na nzi?"